Majungu kazini: Subira si kunyamaza, kushitaki si kusengenya

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu Waislamu, mji wetu wa Arusha ni mji wa ofisi. Makampuni ya utalii, mabenki, mahoteli, mashirika na makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yamewakusanya hapa vijana wengi, na kila asubuhi daladala zinawaleta kutoka Ngaramtoni, Sakina, Tengeru na Usa River. Wengi wanaotujia kutaka ushauri baada ya sala ya Ijumaa hawalalamikii uzito wa kazi, bali majungu. Aliyefanya kazi amenyimwa sifa, asiyeifanya amepandishwa cheo. Neno la faragha limemfikia meneja likiwa limetiwa chumvi. Mkataba haukuongezwa, wala sababu haikutajwa. Nao wanauliza: je, tunyamaze tungojee malipo ya Akhera, au tuseme tuwe wasengenyaji?

Swali hilo limebeba dhana mbili zisizo sahihi: kwamba subira maana yake ni kunyamaza, na kwamba kila anayemtaja aliyemdhulumu amesengenya.

Ni kweli kuwa Sura ya Hujurat, aya ya 12, imekataza dhana mbaya, kupelelezana na kusengenyana, ikamfananisha msengenyaji na mtu anayekula nyama ya nduguye aliyekufa. Aya ya 6 ya sura hiyo hiyo inaamrisha kuichunguza habari inayoletwa na mtu fasiki kabla ya kuchukua hatua; amri ambayo kila meneja Mwislamu angepaswa kuiweka mbele ya macho yake. Naye Mtume (s.a.w.), katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, ametahadharisha kuwa mfitini hataingia Peponi.

Hata hivyo, katika Sura ya Nisaa, aya ya 148, Mwenyezi Mungu ameeleza kuwa hapendi maneno mabaya yatangazwe, kisha akamtoa katika hukumu hiyo yule aliyedhulumiwa. Hind binti Utba alipomweleza Mtume (s.a.w.) kuwa mumewe, Abu Sufyan, ni mbahili na hampi matumizi ya kumtosha, Mtume hakumkemea kuwa amemsengenya mumewe, bali alimfundisha jinsi ya kuipata haki yake kwa wema. Imamu Nawawi, katika Riyadhus Salihin, ametaja hali sita ambazo kumsema mtu kwa asiloridhia kunaruhusiwa, na ya kwanza ni ya aliyedhulumiwa kumshitakia mwenye mamlaka au uwezo wa kumpatia haki.

Hapo ndipo ilipo mizani yetu. Kabla hujafungua kinywa, jiulize: je, huyu ninayemweleza anaweza kuniondolea dhuluma hii, au walau kunipa ushauri? Ikiwa anaweza, mweleze bila kuongeza neno. Ikiwa hawezi, basi chai ya saa nne imekwisha kuwa karamu ya nyama ya ndugu yenu, hata kama kila mlilolisema ni kweli.

Tumtazame Nabii Yusuf (a.s.), aliyeonewa na nduguze, kisha akaonewa katika nyumba ya bwana wake, akatupwa gerezani bila kosa. Alisubiri, lakini hakukaa kimya. Alimwomba mwenzake aliyekuwa akitoka gerezani amtaje kwa mfalme. Mfalme alipomwita, alikataa kutoka mpaka kesi yake ichunguzwe, na katika kudai uchunguzi huo aliwataja wale wanawake waliojikata mikono kwa ujumla, bila kumtaja mke wa bwana wake. Alidai haki bila kutafuta kumwaibisha mtu. Kisha akaomba akabidhiwe hazina za nchi, akieleza uaminifu na ujuzi wake, nasi tukajifunza kuwa kueleza sifa yako ya kazi penye haja si majivuno. Na nduguze walipofika mbele yake wakiwa wanyonge, aliwasamehe.

Katika nchi yetu mlango wa kushitaki upo. Anza kwa kumwandikia mkuu wako, ukitaja tarehe na jambo lenyewe, na utunze nakala. Kuna utaratibu wa malalamiko wa ofisi, na kuna chama cha wafanyakazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayemwachisha mtu kazi awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki. Ukishindwa huko, iko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo huanza kwa kuwapatanisha wahusika kabla ya kuamua. Lakini zingatia muda: shauri la kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 30, na madai mengine ndani ya siku 60. Anayemaliza miezi mitatu akilalamika barazani huenda akapoteza haki yake ya dunia, na huku amejichumia dhambi ya kusengenya.

Aidha, tuepuke njia tatu za giza. Ya kwanza ni kwenda kwa waganga ili bosi afungwe kinywa. Hiyo ni shirki, na hasara yake inazidi cheo chochote. Ya pili ni mgomo baridi, kwani saa za kazi ni amana, na mshahara wa saa zilizoibwa hauwi halali kwa sababu meneja ni dhalimu. Ya tatu ni kuibeba hasira ya ofisini na kuipakua nyumbani, ambako mke na watoto wanalipia kosa wasilolijua. Mtume (s.a.w.) ameelekeza kuwa aliyeghadhibika akiwa amesimama aketi, na hasira isipoondoka, alale. Nayo familia impokee mtu wao kama Bibi Khadija alivyompokea Mtume aliporejea kutoka Hira akitetemeka: alimsikiliza, akamtuliza, akamkumbusha wema wake. Kumweleza mwenzi wako ili akushauri kunafaa, na jina la mtu lisitajwe pasipo haja.

Mwisho, tukumbuke kuwa viti vinavyogombewa havidumu. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na makao yake hapa Arusha, ilivunjika mwaka 1977, na waliokuwa wafanyakazi wake waliendelea kudai mafao yao hadi miaka ya 2000. Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda ilifungwa rasmi tarehe 31 Desemba 2015, na nafasi zake za kazi zikaondoka nayo. Cheo kitabaki ofisini. Hesabu ya ndimi zetu tutaondoka nayo.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awape subira walioonewa, awape uadilifu wenye madaraka, na azihifadhi ndimi zetu sote. Wabillahi tawfiq.