Matanga yakishaondolewa



Tulipomsitiri mmoja wa waumini wenzetu hapa Kibiti, mwanawe wa miaka kumi aliangua kilio kando ya kaburi. Mzee mmoja akamkemea kwamba mwanamume halii. Sisi wa kamati ya msikiti tulisikia, tukanyamaza. Siku ya tatu matanga yakaondolewa na majamvi yakakunjwa. Wiki iliyofuata mtoto yule akaonekana peke yake juu ya dungu, akilinda mpunga wa marehemu baba yake usiliwe na tembo.

Ndugu wasomaji, tembo hao wanaotusumbua mashambani wana la kutufunza kuhusu msiba. Huko Samburu, Kenya, mwaka 2003, jike kiongozi aliyeitwa Eleanor alianguka chini. Jike wa familia nyingine alijaribu kumwinua kwa pembe zake. Eleanor alipokufa, tembo wa familia mbalimbali waliendelea kuufikia mzoga wake kwa siku kadhaa. Kule Amboseli, tembo wamekutwa wakisimama mbele ya mifupa ya wenzao na kuigusa kwa mkonga taratibu.

La karibu yetu zaidi ni la Mikumi. Mwaka 2008, Kathleen Gobush, Benezeth Mutayoba wa Chuo Kikuu cha Sokoine na Samuel Wasser walichapisha utafiti wao juu ya majike wa huko. Katika vinyesi vya wale ambao ujangili wa miaka ya nyuma uliwaacha bila jike mzee wala ndugu wa karibu, walikuta dalili kubwa zaidi za dhiki ya mwili, na uzazi wao ulikuwa hafifu. Kisha ujangili ukarudi: katika eneo la Selous na Mikumi tembo walipungua kutoka takriban 39,000 mwaka 2009 hadi takriban 13,000 mwaka 2013.

Yaliyomo moyoni mwa mnyama anayajua Muumba wake. Lakini katika Sunan Abu Dawud imepokewa kuwa Maswahaba walipochukua makinda ya ndege, mama yao akawa anapigapiga mbawa kwa mahangaiko. Mtume (s.a.w.) aliuliza nani aliyemtia uchungu kwa wanawe, akaamuru arudishiwe. Naye mwenyewe alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim. Kilichokatazwa ni mayowe, kujipiga na kuchana nguo. Machozi ni rehema.

Hatusemi mkulima aache shamba lake liliwe. Tunasema kwamba kukunja jamvi hakumalizi msiba. Sheria imeweka kikomo cha kukaa matanga, haikuweka kikomo cha kumtazama yatima. Aliyebaki bila mkubwa wa kumwegemea huumia muda mrefu, na huenda asiseme.

Kamati yetu imeazimia kwamba kila panapotokea msiba, kabla ya majamvi kukunjwa, atajwe mtu mzima mmoja atakayeitembelea nyumba hiyo kila wiki, aulize habari za chakula, shule na shamba, na amwache mtoto alie akitaka kulia. Tumeanza na mtoto wa dunguni, kwa kuwa yeye tunamdaiwa.

Allah (S.W.) atusamehe ukimya wetu, na azilainishe nyoyo zetu. Wabillahi tawfiq.