Vijana wa Usukumani, Ichoreni Nchi Yenu

Enyi vijana wa Shinyanga na Geita, nchi yenu inabadilika machoni penu na hamuichori. Picha zinazouzwa mijini ni zile zile: tembo, Mlima Kilimanjaro, Mmasai na mkuki wake. Iko wapi ile miamba ya Usukumani iliyopandana jiwe juu ya jiwe? Ziko wapi ngitili, yale malisho yanayotengwa na kulindwa, zilizorudisha miti Shinyanga tangu mradi wa kuhifadhi ardhi, HASHI, ulipoanza mwaka 1986? Na vilima vya Geita vinavyogeuka mashimo ya dhahabu, nani amevichora vingali vimesimama?

Mtazameni mchoraji Sam Joseph Ntiro, mzaliwa wa Machame, mwaka 1923. Alisoma Makerere, akaenda shule ya sanaa ya Slade jijini London, akafundisha, na uhuru ulipopatikana akawa balozi wa Tanganyika huko huko London. Pamoja na cheo chote hicho, brashi yake ilibaki kwenye migomba na kazi za watu wa kwao. Mwaka 1960 Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York yalinunua picha yake ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Hakuwabembeleza wageni kwa tembo.

Claude Monet wa Ufaransa naye, mwaka 1890 na 1891, alichora matita ya ngano yaliyokuwa karibu na nyumbani kwake, akayarudia asubuhi, jioni na wakati wa theluji, maana mwanga haukuwa ule ule. Basi nendeni kwenye karasha, pale mawe ya dhahabu yanaposagwa, saa kumi na mbili jioni. Vumbi la mawe limewajaa wasagaji hadi kwenye kope. Jua likilipenya, vumbi lote huwa rangi ya chungwa, na vivuli vya watu hulala chini vikiwa na rangi ya zambarau. Nani mwingine ana mwanga huo?

Wala msiseme uchoraji ni wa kuja. Bayeye, wacheza nyoka wa Kisukuma, walichora kuta za nyumba zao, na mtafiti Hans Cory akatoa kitabu juu ya michoro hiyo mwaka 1953.

Mtaniambia rangi haijazi tumbo. Ni kweli, na simlaumu kijana anayeshuka kwenye duara la machimbo. Ntiro mwenyewe aliishi kwa mshahara wa ualimu na utumishi, akachora.

Nanyi madiwani, tangu mwaka 2017 sheria inaitaka migodi ikubaliane na halmashauri kuhusu mipango yake ya kuhudumia jamii. Kwa mipango hiyo mnajenga madarasa, na ni vyema. Ndani ya madarasa hayo wekeni rangi, brashi na mwalimu wa kuchora.