Ardhi ya Kingi inatikisika hata miguu isiposikia

Mkaaji wa Kingi, katika teritware ya Masisi, hahitaji kufundishwa tetemeko la ardhi ni nini. Lakini kuna mitetemo midogo ambayo hakuna mguu unaoisikia. Iko usiku na mchana, duniani kote. Sehemu kubwa hutoka baharini: mawimbi yakipigana husukuma sakafu ya bahari, na mtikisiko husafiri ndani ya miamba hadi katikati ya bara. Upepo nao huongeza wake.

Kivu Kaskazini ina chanzo kingine: Nyamulagira na Nyiragongo. Mawe yaliyoyeyuka na gesi vikipita chini ya ardhi, mlima hutetemeka polepole. Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma (OVG) ndicho chenye kazi ya kutofautisha mtetemo wa bahari na ule wa mlima.

Kazi hiyo inahitaji mashine, betri, intaneti na mafundi wanaolipwa. Msaada wa Benki ya Dunia kwa OVG ulikwisha mwaka 2020. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka bila wakaaji kuonywa mapema, na watu zaidi ya 30 wakafa.

Vita visiwe kisingizio. Mwenye bunduki na mwenye mamlaka wanaishi chini ya milima ileile. Mashine zilindwe, mafundi waachwe wapite, serikali ilipe. Na onyo lifike Kingi kwa lugha ya wakaaji, kabla ya lava.