Breki Kubwa na Mafuta Machakavu

Imekuwa desturi katika miji yetu, na hasa miongoni mwa vijana waliojaliwa kumiliki magari madogo yaliyoagizwa Japani, kuziondoa breki zilizokuja na gari na kutia mahali pake diski pana na pedi za ghali, kwa itikadi kwamba gari lenye breki kubwa halina budi kusimama upesi. Azma ya kujikinga na ajali ni njema, nami siilaumu. Ninalolipinga ni ile imani inayonunuliwa pamoja na vyuma hivyo, maana ikimdanganya dereva humponza yeye na abiria wake.

Kinacholisimamisha gari ni mshiko wa tairi juu ya lami. Kazi ya breki ni kulizuia gurudumu, na breki nzima za gari la kawaida, zikikanyagwa kwa nguvu, huweza kulikwamisha gurudumu kabisa. Likisha kukwama, diski hata ingekuwa pana kama sinia haina la kuongeza. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa juu ya lami kavu, kwa matairi mazuri, huhitaji kiasi cha mita 36 kusimama tangu breki ziliposhika, mbali na mita zaidi ya 20 zinazopita katika sekunde moja ambayo dereva huona, akafahamu, akauhamisha mguu. Na mwendo ukizidi mara mbili, masafa ya breki huzidi mara nne. Tairi lililokwisha kuwa kipara huyarefusha masafa hayo, mvua inyeshapo hasa, na hakuna diski iwezayo kulifidia.

Breki zenyewe nazo zina mizani yake. Mfaransa Blaise Pascal alibainisha katika karne ya 17 kwamba msukumo utiwao katika kimiminika kilichofungiwa chomboni huenea sawasawa pande zote, na juu ya kanuni hiyo zilijengwa breki za mafuta, ambazo Duesenberg wa Marekani waliziweka katika magurudumu yote manne ya gari lao mwanzoni mwa miaka ya 1920. Mguu husukuma pistoni ndogo ya masta silinda, mafuta hupita katika paipu na kuzisukuma pistoni pana zilizo magurudumuni, na kadiri hizi zinavyoipita ile kwa upana wa uso ndivyo nguvu ya mguu inavyozidishwa. Lakini ziada hiyo ina bei, kwani nguvu ikizidishwa mara mbili, pedeli nayo hudai mwendo mara mbili. Basi atiaye pistoni kubwa magurudumuni na kuiacha masta silinda ileile ataiona pedeli ikizama kuelekea sakafuni. Na aibadilishaye masta silinda kwa iliyo pana kupita kiasi ataipata pedeli fupi na ngumu, ambayo kwa mguu uleule huzaa msukumo mdogo. Fauka ya hayo, gari lifungapo breki uzito wake huinamia mbele; breki za nyuma zikiongezwa nguvu bila hesabu, magurudumu ya nyuma hutangulia kukwama, na gari huzunguka njiani likamshinda dereva.

Fadhila ya kweli ya diski pana ni kustahimili joto, na kwa ajili hiyo zafaa kwa ashukaye milima na mzigo, kama mteremko wa Kitonga utokapo Iringa, au kona za kutoka Soni hadi Mombo. Lakini hata huko, mafuta machakavu ndiyo aghalabu hutangulia kuhini. Mafuta ya breki hufyonza maji kutoka hewani, na hewa yetu ya pwani ina unyevu tele. Yale ya daraja la DOT 4, yakiwa mapya, hayachemki kabla ya nyuzi 230. Yakisha kunywa maji, kiwango chake huweza kushuka hata nyuzi 155. Yakichemka huzaa mvuke, na mvuke hukubali kubanwa ilhali mafuta hayakubali. Dereva hukanyaga, pedeli ikafika sakafuni, na gari likaendelea kushuka.

Nenda gereji ukatazame fundi akitoa upepo. Mwenziwe hukaa ndani, akapampu pedeli na kuishikilia. Fundi hulegeza nati ndogo nyuma ya gurudumu, na kwenye mpira mwembamba uliotumbukizwa chupani hutoka mafuta meusi yenye mapovu, ambayo yalipotiwa yalikuwa ya manjano na maangavu. Katika gari jingine hayajapata kubadilishwa tangu liliposhuka melini. Kazi hiyo haichukui hata nusu siku, na gharama yake ni sehemu ndogo mno ya bei ya diski mpya.

Ndiyo maana naona wakaguzi wa magari, kabla ya kutoa idhini, wayapime mafuta ya breki kwa kile kijaribio kidogo kionyeshacho kiasi cha maji, kama wanavyoyakagua matairi na taa. Na mwenye gari ayabadilishe kila baada ya miaka miwili, atie matairi mazuri, abadilishe mipira ya breki iliyopasuka. Kisha, akiwa bado ana haja ya diski pana, anunue seti iliyopimwa kwa gari lake, pamoja na masta silinda iliyokusudiwa kwenda nayo.