Ndani ya mahindi ya Makindu, mlango wa kutokea ni upi?

Sisi watu wa pwani tumezoea kuuhesabu mwaka kwa pepo na mvua. Kuna kaskazi na kusi. Kuna masika na vuli. Masika ndiyo tunayoiita mvua hasa, mvua ya kujaza visima na mashamba. Vuli, inayonyesha baina ya Oktoba na Desemba, tumeifanya mdogo wake. Ikija tunashukuru, isipokuja twasema: na tungojee masika. Hata wafasiri wa vitabu vya shule waliipunja haki yake, kwani walilichukua neno hilo hilo wakaliweka kuwa jina la msimu wa Ulaya wa majani kupukutika, msimu ambao hauna ujamaa wowote na mvua yetu.

Katika msimu huo wa majani kupukutika, huko Marekani kuna mchezo mmoja ambao msomaji akisimuliwa huenda akacheka. Mwaka 1993, katika mji mdogo wa Annville, jimbo la Pennsylvania, shamba la mahindi lilikatwa vijia vya kuzungukazunguka, vingine vinatoka na vingine havitoki, na watu wakalipa kiingilio ili waingie wapotee humo. Mchezo ukapendwa, ukaenea majimbo mengi na nchi nyingine, na leo wako wakulima wanaojiongezea pato kwa njia hiyo. Baba, mama na watoto huingia, wakazunguka, wakagonga ukuta wa mabua, wakarudi nyuma, mpaka wapate mlango wa kutokea. Kisha huenda zao nyumbani kula. Mchezo huo unapendeza kwa sababu chakula cha nyumbani hakitegemei shamba lile.

Niliukumbuka mwishoni mwa Desemba nilipokuwa Makindu, katika kaunti ya Makueni, nikitembelea shamba la kikundi cha akina mama. Msomaji aliyepata kupanda basi la Mombasa kwenda Nairobi anaujua mji huo, au anadhani anaujua. Huuona dirishani, pamoja na hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926, ambamo msafiri wa dini yoyote hupewa chakula bila ya kudaiwa senti. Lakini ni wachache wanaojiuliza jina lile lina maana gani. Makindu kwa Kikamba ni mikindu. Ni mti ule ule ambao kwa ukindu wake mama zetu na bibi zetu wamesuka mikeka miaka nenda miaka rudi. Kwa hiyo mji huu si mgeni kwetu. Jina lake tumelikalia barazani.

VULI NDIYO MWAKA

Jambo la kwanza alilonifunza mwenyeji wangu, mama mtu mzima aliyekuwa msemaji wa kikundi, ni kwamba mizani yetu ya mvua huko imegeuzwa juu chini. Kwa Wakamba wa nchi hizo kavu za Makueni na Kitui, vuli ndiyo mvua ya kutegemewa. Ile ya Machi hadi Mei, ambayo sisi twaiita masika kwa heshima zote, kwao huja kidogo, mara nyingi ikawadanganya. Mbegu hutiwa ardhini Oktoba au mwanzo wa Novemba, na mavuno ni Januari na Februari. Vuli ikikosekana hakuna wa kumwambia mtoto, "Ngoja masika." Hungojwa mwaka mzima.

Na imepata kukosekana, tena si mara moja. Kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022 misimu mitano ya mvua ilifuatana bila ya kutosheleza, katika sehemu kubwa ya Kenya, Somalia na Uhabeshi. Hata huku kwetu, Kilifi, Kwale na Tana River zilionja uchungu huo. Kisha, mwishoni mwa 2023, zikaja mvua za El Nino zilizovunja madaraja na kusomba mashamba. Mkulima wa nchi kavu hujikuta baina ya kiangazi kinachokausha na mafuriko yanayochukua.

Mwaka niliofika, vuli ilikuwa njema, alhamdulillahi. Mahindi yalikuwa yamenipita kichwa. Hatua ishirini ndani sikuiona tena barabara, na honi za malori zilikuwa kama zinatoka pande zote. Watoto waliokuwa likizo walikuwa humo humo, sauti tu bila ya watu, wakiamia tumbili na ndege. Mwenyeji wangu aliyeniona nikigeuza shingo huku na huku akacheka, akaniambia, "Mwanangu, hapa mtu hapotei. Fuata tuta. Tuta halipandi wala halishuki, litakutoa."

Tuta hilo lina kisa chake. Wakulima huchimba mtaro kuufuata usawa wa mteremko, na udongo huutupa upande wa juu, si wa chini. Udongo ule huwa kizuizi. Maji ya mvua yakishuka hukuta kizuizi, husimama, na huzama shambani badala ya kukimbilia mtoni na rutuba yote. Mtindo huu, ulioenea Ukambani tangu miaka ya 1950, huitwa "fanya juu", kwa Kiswahili hicho hicho. Mabingwa wa udongo wa mataifa mbalimbali wanapoandika vitabu vyao kwa lugha zao, huliandika neno hilo vivyo hivyo, kwani hawakupata jingine bora. Sisi tunaojigamba kuwa wenye lugha, wangapi kati yetu tunajua kwamba maneno yetu mawili yamesafiri hivyo kwa nguvu za jembe la Mkamba?

Kazi ya kuchimba matuta si ya mtu mmoja. Huifanya kwa mwethya, yaani kikundi cha majirani, wengi wao wanawake, ambao leo hulima kwa huyu na kesho kwa yule, wala hakuna mshahara ila deni la mkono kwa mkono. Pwani tulikuwa na kikoa, na ndugu zetu wa Tanga wanao msaragambo. Nimesema "tulikuwa" kwa makusudi. Katika mitaa yetu mingi kikoa kimebaki cha harusi na maziko. Kazi ya shamba tumemwachia kibarua, na asiyekuwa na fedha ya kibarua huliacha shamba lake likawa kichaka.

TULIINGIAJE?

Lakini sikuandika haya ili kusifu tu. Kuna swali ambalo mama yule aliniuliza mimi, badala ya mimi kumwuliza yeye: kwa nini twapenda sana mahindi, na mahindi hayatupendi?

Mahindi si mzaliwa wa nchi hii. Jina lake linamtaja Mhindi, lakini asili yake ni bara la Amerika, na Wareno ndio waliohusika kuyaleta pwani zetu. Kabla hayajatawala, Wakamba walikula mtama, mawele na wimbi, nafaka zinazolijua jua. Mahindi meupe yalishika nchi katika karne ya 20: mashamba ya walowezi yaliyalima kwa wingi, na kibarua wa reli na wa mashamba akapewa posho ya unga wake. Baba akaizoea sima hiyo kazini, akaitaka na nyumbani. Mawele yakawa chakula cha maskini, kisha chakula cha kale, kisha chakula cha ndege.

Mahindi hutaka maji, na huyataka kwa wakati wake. Yakikosa mvua wiki ile yanapotoa ndevu, bua litasimama zuri kama askari, nalo halina gunzi la maana. Mabingwa wa kituo cha utafiti cha Katumani, karibu na Machakos, walilijua hilo, na katika miaka ya 1960 walitoa mbegu iliyoitwa kwa jina la kituo. Katumani haishindani na kiangazi, hukikimbia. Hukomaa upesi, kwa kiasi cha miezi mitatu, kabla ardhi haijakauka. Mbegu hiyo imewaokoa watu wengi. Lakini mwaka ambao mvua ni ya wiki tatu tu, hata mkimbiaji hodari hukamatwa njiani.

Na yakivunwa, taabu haijakwisha. Mwaka 2004, katika wilaya za Makueni, Kitui na jirani zake, watu waliugua manjano na matumbo kuvimba. Waliohesabiwa kuugua walikuwa 317, na 125 kati yao wakafariki. Hapakuwa na adui wala mchawi. Mahindi yaliyovunwa yalikuwa yamewekwa majumbani kabla ya kukauka sawasawa, yakaota kuvu, na kuvu likatoa ile sumu inayoitwa sumukuvu. Sumu hiyo haina ladha wala haiishi kwa kuchemshwa. Kulikoboa hindi kinuni, kama wanavyofanya Wakamba wanapotengeneza muthokoi, huipunguza, lakini haiiondoi yote. Dawa yake ni moja: kukausha, kukausha, na kukausha, na kuhifadhi pasipo na unyevu.

Basi mchezo wa Annville hapo haukunichekesha tena. Taifa zima limeingia ndani ya shamba la mahindi. Mvua ikipungua kidogo twagonga ukuta. Bei ya unga ikipanda twagonga ukuta wa pili. Ghala likishika unyevu, ukuta wa tatu. Nasi twazunguka mle mle tukiulizana mlango uko wapi.

MLANGO ULIO MEZANI

Mlango upo, na mama wa Makindu alinionyesha kwa kidole. Baina ya mistari ya mahindi ulikuwamo mmea mfupi, mnyonge, wa majani membamba, ambao kwa urefu wa mahindi mtu asingeuona. Ulikuwa mbaazi. Alinieleza kwamba mahindi yakishavunwa na mabua kulishwa ng'ombe, mbaazi hubaki peke yake shambani. Mizizi yake hushuka chini sana, ikanywa maji ambayo hindi haliyafikii. Katikati ya kiangazi, majirani wanapotazama mbingu, yeye huendelea kukua. Na ile ya kuchelewa huvunwa Julai na Agosti, miezi ambayo ghala la mahindi limekwisha au liko karibu kwisha. Majani yanayoanguka huurudishia udongo nguvu yake.

Sisi pwani tuna methali: mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Twamwambia hivyo mtu mvivu wa visingizio. Nikitazama mmea ule ukisubiri zamu yake, niliona kwamba katika mimea yote ya Ukambani mbaazi ndio wenye haki ndogo kabisa ya kusingizia jua, na ndio usiosingizia. Wanaosingizia ni sisi.

Ajabu nyingine ni hii: ilhali mahindi yanabeba jina la Uhindi bila ya kutoka huko, mbaazi ndiyo asili yake Bara Hindi, na imezoea kwetu hata haina tena dalili ya ugeni. Nayo nchi inayotoa mbaazi nyingi kabisa katika Kenya ni hiyo hiyo ya Makueni, Kitui na Machakos. Mbaazi za nazi tunazokula asubuhi kwa mahamri, zile tunazozihesabu kuwa utambulisho wa Mswahili, nazi yake ni ya Kilifi au Kwale, lakini mbaazi zenyewe mara nyingi zimesimama miezi kumi katika jua la Wakamba. Pojo vilevile, ambazo wao huziita ndengu. Mizigo hii si mipya: katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilishuka na pembe hadi Mombasa, na wenyeji wa mji wakawapokea kwa nguo na shanga. Tumekuwa tukilishana kwa muda mrefu kuliko tunavyokumbuka.

Kwa hiyo maoni ya ukurasa huu ni haya. Mkulima wa Kilifi na Kwale, ambaye mahindi yake hukauka mwaka baada ya mwaka, asione haya kujifunza kwa jirani: achanganye mbaazi na kunde katika mahindi, na sehemu ya shamba airudishie mtama. Atafute wenzake wafufue kikoa cha jembe, kwani tuta la fanya juu halichimbwi na mtu mmoja.

Nasi tulio mjini tunayo sehemu yetu. Mfanyabiashara anayenunua kwa magunia asimharakishe mkulima kupima nafaka mbichi ili aipate rahisi. Kiwango kinachokubaliwa ni unyevu usiozidi asilimia 13.5, na anayenunua mahindi mabichi ananunua ugonjwa. Mama wa nyumba anayeweka akiba anaweza kuyajaribu kwa chupa kavu ya kioo: atie nafaka na chumvi kavu, atikise, aache dakika chache, chumvi ikigandama kwenye kioo, nafaka haijakauka. Kwetu ambako hewa yenyewe ina maji ya bahari, jambo hili si la Wakamba peke yao.

Mwisho, tuache kuidharau vuli. Oktoba ikifika na mawingu yakikusanyika, tusiulize tu kama itanyesha Mombasa au Malindi. Tuulize pia kama imenyesha Makindu. Tunaponyoosha mikono kuomba mvua, tuitaje na nchi ile. Kwani riziki iliyo ndani ya sahani zetu za asubuhi hupandwa kwa mvua hiyo tunayoiita ndogo.