Pampu za Jua Songea: Bili ya Mafuta Ikiondoka, Mto Nao Ulindwe

Mpaka mwaka 2018, taa za Songea ziliwaka zaidi kwa jenereta za dizeli. Mafuta yalisafirishwa kwa malori, na mtambo ulipoharibika mji ulikaa gizani. Kisha ikaja njia ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Makambako, na shirika la umeme, TANESCO, likatua mzigo wa dizeli. Mkulima wa bustani za mabondeni hakufikiwa na nafuu hiyo. Nguzo hupita barabarani; nyanya na kabichi zake ziko kule chini, mtoni. Kila kiangazi bado anafunga kidumu cha petroli nyuma ya bodaboda.

Kidumu hicho ndicho kinachoamua ukubwa wa shamba lake. Pampu ndogo hunywa takriban lita moja kwa saa, na bei kikomo ya mafuta hutangazwa na mamlaka ya udhibiti, EWURA, kila mwezi. Agosti 2022 petroli ilivuka shilingi 3,400 Dar es Salaam licha ya ruzuku ya serikali. Fedha za ruzuku hiyo zilichomwa pamoja na mafuta yenyewe. Zingeelekezwa kwenye paneli za pampu za jua, zingekuwa bado zinavuta maji hadi leo.

Hali ya hewa ya Songea inazipendelea pampu hizo. Mvua huisha mwishoni mwa Aprili au Mei, na hadi Novemba anga huwa jeupe kwa siku nyingi, wakati uleule bustani zinapodai maji. Kupandisha lita 30,000 hadi kimo cha mita 20 kunahitaji nishati isiyofika uniti mbili za umeme. Hata pampu ikipoteza zaidi ya nusu ya nguvu njiani, paneli za kilowati moja humaliza kazi hiyo kwa siku moja ya jua zuri. Asubuhi ya Juni, ukungu ukiwa bado umelala bondeni, maji huanza kwa kuchuruzika. Kufikia saa nne bomba limejaa. Betri haihitajiki: tangi lililowekwa juu ya shamba ndilo akiba, na jioni mkulima hufungua koki tu.

Kikwazo cha kwanza ni fedha. Petroli hununuliwa lita kwa lita. Paneli hudai gharama ya miaka kadhaa kwa siku moja. Kenya, kampuni ya SunCulture imewauzia wakulima wadogo pampu za jua kwa malipo ya kidogokidogo. Tanzania ina Benki ya Maendeleo ya Kilimo tangu 2015, lakini mkopo wa marejesho ya kila mwezi haumfai mtu anayeshika fedha anapovuna. Ratiba ya deni ifuate ratiba ya nyanya.

Kikwazo cha pili ni kizito zaidi, nacho husemwa kwa nadra: petroli ilikuwa breki. Mkulima alizima pampu kwa sababu kila saa ilimgharimu. Jua halidai chochote, hivyo pampu itavuta kutwa nzima, hata udongo ukiwa umeshiba. India, iliyoanzisha mpango wake mkubwa wa pampu za jua mwaka 2019, inasumbuliwa na hofu hiyohiyo juu ya maji yake ya chini ya ardhi.

Songea haiwezi kulichukulia jambo hili kwa wepesi. Milima ya Matogoro, pembeni mwa mji, ni chanzo cha mito Ruvuma, Luegu na Luhira. Ruvuma huteremka hadi Bahari ya Hindi, na Luegu hulisha Rufiji. Kijito kikikaushwa Oktoba, wanaoumia ni walioko chini. Sheria zipo: ya mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kando ya mito, na ya rasilimali za maji ya 2009 inataka kibali cha kuvuta maji.

Kwa hiyo pampu za jua zije, na zije haraka. Benki ikubali marejesho ya msimu wa mavuno. Ofisi za maji za mabonde ya mito zipime vijito vya Matogoro sasa, kabla paneli hazijawa nyingi. Naye mkulima anayejichanga kununua pampu, aanze kwa kuomba kibali cha maji.