Shauri Baada ya Uhud

Wakubwa wengi wa kazi husifu kushauriana maadamu shauri limeleta faida. Mwenye duka huwauliza vijana wake ni bidhaa gani ziletwe. Wakampa rai, zikaletwa, zikauzika, naye siku hiyo hujifakhiri kwamba ana watu wenye akili. Lakini bidhaa zikidoda, huanza kumtafuta aliyesema, na tangu hapo haulizi mtu tena. Basi na tutazame Mola wetu alimwamrisha nini Mtume wake (s.a.w.) katika jambo lililo zito kuliko hasara ya duka.

Katika Shawwal ya mwaka wa 3 wa Hijra (625), Makureshi walifika karibu na Madina wakiwa watu wapata 3,000. Mtume akawataka Masahaba rai. Yeye mwenyewe aliona bora kubaki mjini, lakini wengi, na khasa vijana waliokosa kuhudhuria Badr, walitaka kutoka. Akawafuata. Alipokwisha kuvaa deraya walijuta, wakamwambia afanye apendavyo. Naye akakataa kuivua. (Na wakumbuke haya wakuu wanaogeuza amri mara tatu kwa siku moja.)

Yaliyotokea mnayajua. Abdullah bin Ubayy alirudi njiani na watu wapata 300, akidai kuwa rai yake haikufuatwa. Wengi katika wapiga mishale 50 wakakiacha kilima walichoamrishwa wasikiache. Waislamu wapata 70 wakauawa, miongoni mwao Sayyidna Hamza, ami yake Mtume. Na Mtume mwenyewe akajeruhiwa usoni.

Baada ya msiba huo ndipo iliposhuka Aya ya 159 ya Sura Aali Imran, ikimwamrisha awasamehe, awaombee maghufira, na awashauri katika mambo. Watu wale wale! Na Aya yenyewe inataja kuwa lau angekuwa mkali mwenye moyo mgumu, wangalimkimbia.

Mfanyakazi wa leo hakimbii, kwani ana watoto wa kulisha. Mwili wake hubaki, ulimi wake ndio unaokimbia. Huona hesabu zimepungua akanyamaza. Husikia mashine inalia vibaya akanyamaza. Kwa kuwa mwenzake aliyesema mwezi uliopita alitukanwa mbele ya wateja. Na bwana, kwa kuwa haletewi habari mbaya, hudhani kuwa kazi yake imetengenea.

Kusamehe huku si kusema kwamba kosa si kosa. Qurani yenyewe imewataja walioasi amri siku ile. Lakini aliyeacha lindo na aliyetoa rai alipoulizwa si sawa. Huyu wa pili hakukosa, ijapokuwa rai yake imeleta hasara. Wakuu wetu huwachanganya wawili hawa, wakawaadhibu kwa fimbo moja.

Basi wewe ambaye bidhaa zako zimedoda, kesho ukifungua duka mwite kijana yule yule, umuulize mtazitoa vipi.